Kigutu kinachubuka kila nikivaa mguu wa bandia: nataka dawa ya kukomaza ngozi

Wakala_Mbagala ameandika:

Wakuu habari za saa hizi. Huwa nasoma tu humu, leo imebidi niandike.

Nina miaka 27, nipo Mbagala. Mwaka jana nilipata ajali ya bodaboda, dereva nikiwa mimi mwenyewe, mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti. Kidonda kilipofunga nikatengenezewa mguu wa bandia, hizi za plastiki ya kahawia, ndani una sponji nyeupe, juu una mkanda wa kufunga juu ya goti. Huu ni mwezi wa nne nauvaa. Kazi yangu ni wakala wa pesa za simu, kibanda cha bati, nafungua saa moja asubuhi nafunga saa mbili usiku. Joto la humo ndani mnalijua.

Miezi miwili ya kwanza nilikuwa nadunda, hadi kwenye daladala watu walikuwa hawajui. Sasa hivi ncha ya kigutu, pale mbele mfupa unapoishia, inachubuka. Ikianza kupona nikivaa siku mbili inachubuka tena. Nyuma ya goti nimeota vipele vyenye kichwa cheupe, na jioni nikivua mguu kuna harufu ambayo hata mke wangu amenyamaza tu kwa huruma.

Nilivyofanya mpaka sasa: asubuhi naoga, nanyoa nywele za kigutu kwa wembe ili pawe safi, napaka mafuta ya mgando plastiki isikwaruze, juu yake poda ya mtoto, kisha soksi, kisha mguu. Usiku nasugua na spiriti halafu maji ya chumvi. Kuna jamaa aliniambia nikivumilia ngozi itakomaa iwe kama kisigino. Soksi walinipa mbili, moja imeibwa kwenye kamba (sijui mwizi anaenda kuivaa wapi soksi isiyo na vidole), kwa hiyo nina moja.

Kulala nyumbani siwezi, kibanda kikifungwa siku tatu wateja wanahamia kwa jirani. Naomba mwenye kujua dawa ya uhakika ya kukomaza ngozi aniambie jina. Natanguliza shukrani.

Chuma_Chakavu amejibu:

Pole mkuu. Jamaa yako hakukosea, spiriti ndiyo yenyewe ila umeanza kwa uoga. Ongeza na magadi. Sisi tulipokuwa tunacheza mpira peku miguu ilitoka malengelenge wiki mbili tu, baada ya hapo hata msumari unapinda. Vumilia.

Mwl_Pongwe amejibu:

Chuma Chakavu, wewe ulikuwa unakomaza nyayo. Kaa kidogo pembeni.

Mwanangu wa Mbagala, nimesoma maneno yako, na nilipofika kwenye spiriti na chumvi nikajikuta nimeshika kigutu changu kwa mkono. Acha hiyo kitu leo hii hii.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nipo Tanga, nimefundisha darasa la tatu miaka mingi. Mguu wa kushoto niliuacha kwenye ajali ya basi mwaka 2004, umekatwa chini ya goti kama wako. Huu ninaouvaa sasa ni mguu wa tano. Kwa hiyo nakuandikia kama mtu aliyefanya makosa yako yote isipokuwa la chumvi.

Kisigino kimeumbwa kikanyagiwe. Ngozi yake ni nene na chini yake pana mafuta kama godoro. Ugoko ni ngozi nyembamba iliyowambwa juu ya mfupa kama ngozi ya ngoma, na hiyo huwezi kuifundisha ikawa kisigino, hata ukiirudisha darasa mara kumi. Spiriti inaikausha, ikikauka inapasuka, na pale ilipopasuka ndipo uchafu wa jasho unapoingilia. Dawa unayoitafuta haipo. Wewe jiulize hivi: ngozi ni ileile, plastiki ni ileile, mbona mwezi wa kwanza hakukuchubuka?

Kilichobadilika ni nyama. Kigutu kipya kinanywea, tena mwaka wa kwanza kinanywea sana, kwa sababu uvimbe wa kukatwa unaondoka na misuli isiyofanya kazi inapungua. Mguu wako ulipimwa kigutu kikiwa kinene. Ulitengenezwa uzito wako ukae chini ya pia ya goti, kwenye ile kano nene, na pembeni mwa nyama. Kigutu kikikonda kinazama. Kikizama, ile sehemu iliyotengenezwa kubeba uzito inakupita juu, na ncha ya mfupa inakwenda kugonga chini. Kila hatua kigutu kinapanda na kushuka mle ndani kama mchi kwenye kinu. Ukisikia mguu unatoa sauti ya hewa ukitembea, ndiyo hiyo.

Usiniamini kwa maneno, pima. Mwombe mama wa chapati jirani yako donge la unga uliokandwa, ukubwa wa gololi. Lifunge kwenye kipande cha nailoni, litumbukize chini kabisa ndani ya mguu. Vaa kama unavyovaa kila siku, simama, tembea hatua kama kumi, vua. Likiwa limebonyea kidogo, vizuri. Likiwa limekuwa bapa kama karatasi, mfupa wako unakanyaga sakafu, na hapo hata upake asali ya Tabora utachubuka.

Tiba yake ya kwanza ni soksi. Ndiyo maana walikupa mbili, na mimi nasema mbili ni chache. Kigutu kina saa zake. Asubuhi kimejaa kwa sababu umelala. Saa nane mchana, baada ya kusimama na kutoka jasho, kimekonda, na mguu uliokuwa unakaza unaanza kucheza. Wewe unavaa soksi moja saa moja asubuhi na kuivua saa mbili usiku! Mimi kwenye mkoba nina tatu, moja nyembamba na mbili nzito. Nikihisi goti linashuka, au mfupa wa mbele unaanza kunung'unika, naongeza nyembamba. Siku za mvua na baridi hesabu inabadilika. Nilipoumwa malaria nikakonda nilivaa zote tatu. Lakini usijaze tu: soksi zikizidi kigutu hakifiki chini, unakuwa umening'inia, na maumivu yanahamia pembeni na nyuma ya goti. Donge la unga litakwambia na hilo pia, kwa sababu halitaguswa.

Ukikosa soksi za kigutu kwa wakati huu, chukua soksi ndefu ya pamba, ile nene ya wachezaji, igeuze mshono uwe nje, na uhakikishe haina mkunjo hata mmoja. Mkunjo mdogo kama uzi asubuhi, jioni ni lengelenge. Na ndani kabisa, kwenye ngozi, vaa soksi nyembamba ya nailoni ya kike. Usione haya. Inateleza yenyewe kwa yenyewe, basi msuguano unaishia kwenye nailoni, ngozi inasalimika.

Sasa mambo yako ya asubuhi. Hapo umenikumbusha watoto wanaofanya jibu sahihi kwa hesabu ya kinyumenyume.

Kuoga kigutu ni usiku. Ngozi iliyoloweshwa asubuhi inavimba na kulainika, ukiitia kwenye plastiki ikiwa hivyo inang'ang'ania na kuchunika. Usiku osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini isiyo na manukato. Sabuni ya mche ni ya nguo. Suuza mpaka utelezi uishe, kwa sababu povu lililobaki likikutana na jasho la kesho ndio muwasho. Kausha kwa kugusagusa, usisugue, halafu kiache kipigwe na upepo. Ukitaka mafuta, paka usiku, kidogo, mafuta ya nazi yanatosha. Asubuhi ngozi iwe kavu na tupu. Mafuta ya mgando asubuhi yanafungia jasho, na poda yako juu ya jasho inakuwa uji, na uji ukikauka unakuwa msasa.

Wembe, tupa. Nywele zilizokatwa na wembe zinaota zikijikunja na kurudi ndani ya ngozi, hasa nywele zetu hizi, na plastiki inazikandamiza. Hivyo vipele vyako vyenye vichwa vyeupe vimeanzia hapo. Usivikamue. Kikikua kikawa jipu, au ukaona joto, uvimbe au homa, hiyo ni ya daktari, si ya jukwaani.

Mguu nao unaogeshwa. Futa sponji kila usiku kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kisha kitambaa cha maji matupu, iache kivulini penye upepo. Soksi zifuliwe kila siku. Kama ni za sufu usizitie maji ya moto, zitarudi zikiwa saizi ya mtoto. Harufu itaondoka kabla ya wiki kuisha na mkeo ataanza kusema tena.

La mwisho ndilo nililoshindwa muda mrefu kuliko yote: kuvua mguu mchana. Nilikuwa naona aibu walimu wenzangu. Siku moja wakati wa mapumziko nikajifungia ofisini, nikauvua, nikausimamisha karibu na kabati, nikajifunika khanga. Mtoto mmoja akaingia na madaftari bila kubisha hodi. Akautazama mguu, akanitazama mimi, akauliza: "Mwalimu, mguu wako umelala?" Nikamwambia ndiyo. Akatoka kwa kunyata asije akauamsha. Tangu siku hiyo nikawa navua kila mapumziko, dakika kumi, nafuta jasho, nabadilisha soksi. Wewe una kibanda na meza mbele yako, nani anaona chini?

Na kila unapovua, tazama. Wanaambiwa watu watafute wekundu. Ngozi yetu nyeusi haina habari na wekundu. Tafuta palipozidi weusi au panapong'aa, na upaguse kwa mgongo wa mkono kama unavyompima mtoto homa. Alama iliyo mahali pa kubeba uzito ikififia ndani ya dakika kumi au kumi na tano, hiyo ni ya kawaida. Ikibaki, au ikiwa kwenye ncha ya mfupa, mguu unakuuma ila bado hujasikia.

Kwa sasa una kidonda wazi. Hicho hakivaliwi mguu. Chukua magongo, nenda kibandani na magongo. Kibanda hakitafungwa kwa sababu ya magongo.

Fundi_Plasta amejibu:

Shikamoo Mwalimu. Umemaliza karibu kila kitu, umetuachia makombo.

Mimi natengeneza viungo bandia, nilisomea Moshi, TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia, pale hospitali ya KCMC. Kaka wa Mbagala, naongeza machache.

Kama donge litakuwa bapa hata ukiwa na soksi tatu nzito, mguu umeshakuwa mkubwa kwako, rudi kwa aliyekutengenezea. Hujamkosea na yeye hajakukosea, mguu wa kwanza mara nyingi haudumu muda mrefu kwa sababu hiyo ya kunywea. Wengi wanaona aibu kurudi, wanakuja wakiwa na shimo la kidonda. Rudi na soksi unazovaa, na useme unavaa ngapi saa ngapi. Hiyo hesabu inanisaidia mimi kuliko mtu kuniambia "unauma".

Plastiki hiyo ya kahawia ni polipropilini. Uzuri wake ikipashwa moto inalainika, kwa hiyo pakiwa na sehemu moja inayobana, kwa mfano kwenye kile kifundo cha nje chini ya goti, naweza kuisukuma nje bila kutengeneza mguu mpya. Kujua inapobana huwa natumia rangi ya midomo. Napaka kwenye ngozi pale panapouma, mteja anavaa, anasimama, akivua rangi imehamia kwenye sponji mahali penyewe hasa. Mke wangu alishanikuta na rangi tatu kwenye mfuko wa koti. Nilieleza hadi usiku.

Ninachokuomba: usichonge sponji kwa kisu, na usishindilie matambara chini ya mguu. Kuna mmoja alikuja na mguu una kipande cha godoro ndani. Kilimletea nafuu siku mbili, halafu kikawa kinashika jasho na kumkaba pembeni.

Na lile donge lisiloguswa kabisa, Mwalimu kaligusia. Ncha ya kigutu ikining'inia hewani bila kugusa kitu, huku juu pamebana, damu na maji yanashuka na hayapandi. Ncha inakuwa nyeusi ya zambarau, ngumu, na baada ya miezi inaota vinundu vinundu kama ganda la fenesi, vinapasuka na kutoa maji. Watu wanadhani ni fangasi au wamerogwa, wanapaka kila kitu. Mara nyingi tunatengeneza tu chini paguse sawasawa, na ngozi inarudi taratibu. Kwa hiyo ncha iguse, ila isikanyage. Hapo ndipo ugumu wa kazi yetu ulipo.

Usiku ukiwa umevua, funga bandeji ya kuvutika kwa mtindo wa namba nane, ikaze chini na ilegee kadiri unavyopanda. Usizungushe kama pete, utajikaba. Na usilale na mto chini ya goti, hata kama ni raha, goti litazoea kukunja.

Mzee_wa_Feri amejibu:

Asalaam aleikum. Mimi ni mtu wa Likoni, Mombasa. Nataka niongeze neno kwa wenzangu wa sukari, maana kijana huyu ana bahati moja hajui kama anayo: anahisi maumivu.

Mimi mguu ulikatwa kwa ajili ya sukari. Msikitini nikifika huuvua, nikaswali nikiwa nimekaa kitini, na mguu hubaki barazani pamoja na viatu vya watu. Siku hiyo kulikuwa na watoto barazani wakila ukwaju. Nikatoka, nikavaa, nikaenda zangu mjini, nikasimama kwenye foleni ya feri kwenda na kurudi, na mizunguko yangu yote. Sikuhisi kitu. Usiku kuvua, soksi ina damu. Natia mkono ndani, kokwa ya ukwaju. Kokwa moja tu, nimeitembelea mchana kutwa.

Kidonda kilinikalisha miezi mitatu, na daktari akaanza kutaja kukata juu ya goti. Tangu hapo sivai mguu bila kuugeuza na kuupiga kofi, kisha natia mkono ndani kama mtu atafutaye shilingi. Jioni naweka kioo sakafuni nikaangalia chini ya kigutu, na macho yangu yakiwa hayaoni vyema, mjukuu hunisomea. "Babu, hapa pameng'aa." Basi siku inayofuata ni magongo.

Mwenye sukari asingoje uchungu. Kwetu sisi uchungu hauji.

Wakala_Mbagala ameandika:

Shikamoo Mwalimu, shikamoo Mzee wa Feri. Fundi, asante sana kaka.

Nimefanya la chapati jana jioni. Mama wa chapati ameniuliza mara tatu unga ni wa nini, nikamwambia nakuonyesha, akakaa pale pale kwenye benchi kuangalia. Tulipolitoa, donge limekuwa bapa, hadi alama za nailoni zimejichora juu yake. Akasema, "Hiyo hata mimi siisukumi hivyo."

Leo nimekuja na magongo. Soksi za nailoni nimenunua za mke wangu, amecheka mpaka akakaa chini. Wembe nimeutupa. Kidonda kikifunga nitavaa soksi mbili halafu nirudie donge, na nimeshapiga simu kule walikonitengenezea, wamenipa Jumanne ijayo.

Swali dogo, Mwalimu. Asubuhi kibandani natoka jasho hata kabla sijafungua droo. Dawa ya kuzuia jasho, ile ya kwapani, inafaa kwenye kigutu?

Mwl_Pongwe amejibu:

Marahaba mwanangu.

Inafaa, ila usiku, kwenye ngozi kavu nzima isiyo na mchubuko, na iwe ile isiyo na manukato. Asubuhi unaiosha na kukausha vizuri kabla ya kuvaa. Hapo pekee ndipo nakuruhusu maji ya asubuhi. Jaribu kwanza sehemu ndogo ya upande kwa siku mbili, ikikuwasha acha. Wewe una kidonda, kwa hiyo bado. Kwanza kifunge.

Na Jumanne uende na soksi zote, usiende na moja.

Wakala_Mbagala ameandika:

Sawa Mwalimu. Mama wa chapati ananidai mia mbili ya unga, anasema donge lililoingia kwenye mguu halirudi kwenye bakuli.

Chuma_Chakavu amejibu:

Nafuta kauli yangu ya magadi.